Jitu langu lina mguu mmoja: nimlipe mlanguzi au niendelee kusubiri?

Kabati Limejaa

Wakuu, naomba ushauri kabla sijafanya jambo la kijinga.

Nakusanya sanamu za mashujaa, zile za inchi 6 zenye viungo vinavyokunjika, hasa Marvel Legends. Mnaozijua mnaujua mchezo wao: kila boksi la mkupuo mmoja (yaani sanamu zinazotolewa pamoja) lina kipande cha jitu la ziada ambalo haliuzwi peke yake. Huyu ana mkono, yule ana kichwa, mwingine ana kiwiliwili. Ukishawanunua wote unaunganisha jitu lako. Mkupuo ninaousaka una sanamu 7. Ninazo 6. Ya 7 ni adui mmoja wa kike ambaye kwenye hadithi anaonekana kurasa chache tu, na wala simpendi kihivyo, ila ndiye aliyebeba mguu wa kulia.

Kwa hiyo jitu limesimama kabatini kwa mguu wa kushoto, nimeliegemeza kwenye kamusi. Mwanangu wa miaka 5 kaniuliza juzi kama linaumwa.

Nimezunguka madukani miezi mitatu. Kila nikienda nakuta sura ileile, shujaa mmoja wa mkupuo wa zamani, wako 11 kwa mstari kama wanasubiri basi. Tovuti ya duka inasema mzigo upo. Nikifika, hao hao 11. Wakati huohuo kuna jamaa mtandaoni anazo nne za yule adui, hazijafunguliwa, anataka mara tatu ya bei ya dukani. Mara tatu! Kwa ajili ya mguu!

Nimlipe yaishe, au kuna njia? Na hivi kwa nini dukani hawaleti nyingine?

Chupa ya Chai

Lichongee gongo uendelee na maisha, mkuu.

Binti wa Stoo

Kaka yangu, nimepanga rafu za duka kubwa kwa miaka kadhaa, upande wa vitu vya kuchezea, kwa hiyo hili nalijua kwa mgongo wangu. Hao 11 unaowaona ndio wanaokuzuia kumpata huyo mmoja.

Sanamu hizi haziagizwi moja moja. Zinakuja kwenye katoni iliyochanganywa huko huko kiwandani, na kwa hizi za inchi 6 katoni ya sanamu 8 ndiyo ya kawaida. Mkupuo una sanamu 7, katoni ina nafasi 8, piga hesabu. Mmoja lazima awemo mara mbili, na anayerudiwa ni yule mwenye jina kubwa, kwa sababu mtu anayepanga katoni anamfikiria mzazi anayepita tu, sio wewe. Duka halina sauti hapo. Huwezi kuwaambia tuletee wale adui watupu.

Sasa katoni inafunguliwa. Watu kama wewe wanafika mapema wanachukua walio mmoja mmoja. Anabaki aliyerudiwa. Inakuja katoni ya pili, wanabaki wawili, watatu. Baada ya katoni kadhaa rafu nzima ni sura moja. Hao ndio tunaita waliododa.

Halafu kuna kompyuta, na hapa ndipo wateja walikuwa wananitoa roho. Mara nyingi sanamu zote za aina moja, za mkupuo huu na za uliopita, zimeingizwa kwenye mfumo kama bidhaa moja. Kompyuta haijui huyu ni shujaa na yule ni adui, inachojua ni kwamba vipande 11 vipo. Vipo 11, ya nini kuagiza? Ndiyo maana tovuti inakuambia mzigo upo. Haikudanganyi. Upo kweli, wale 11. Mtu ananionyesha simu yake, "dada mbona hapa imeandikwa zipo?", nami namwonyesha rafu, tunabaki tunatazamana.

Kwa hiyo usitazame tovuti. Watazame waliododa. Siku ukikuta wamebandikwa karatasi ya punguzo, anza kupita mara kwa mara, maana wakishaondoka hao kompyuta inaona pengo na katoni mpya inafuata. Muulize mpangaji kama kuna katoni haijafunguliwa kule nyuma, ila muulize asubuhi siku ya kazi. Jumamosi mchana utajibiwa "hakuna" hata kama ameikalia.

Kabati Limejaa

Dada, miezi mitatu nimekuwa nikiwachukia wale 11 bila kujua sababu. Sasa nawachukia kwa sababu.

Nifanyeje basi, niwanunue mwenyewe rafu ipumue?

Binti wa Stoo

Kuna mteja wangu alifanya hivyo. Sikushauri.

Mzee wa Robo Tatu

Vijana, tatizo hili ni la zamani kuliko wengi wenu. Krismasi ya 1977 kampuni ya Kenner kule Marekani ilikuwa na haki ya kutengeneza sanamu za Star Wars. Filamu ilikuwa imetoka tangu Mei, watoto wamechanganyikiwa, na kampuni haina hata sanamu moja tayari. Unajua waliuza nini? Bahasha ya kadibodi yenye cheti ndani. Mtoto anafungua zawadi, anakuta karatasi. Unaijaza, unaituma kwa posta, mwaka unaofuata ndio unaletewa sanamu nne: Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2. Nao walisubiri.

Mimi msimamo wangu ni mmoja, mlanguzi asipewe hata senti. Sio kwa uadilifu, ni kwa hesabu. Kampuni ikishachonga kalibu ya chuma kwa ajili ya sanamu, imeshatumia fedha nyingi, itatafuta kila namna ya kuitumia tena: rangi mpya, kichwa kipya, boksi la mtindo wa zamani, pakiti ya wawili wawili. Mtindo huu wa vipande ulianzishwa na kampuni ya Toy Biz mwaka 2005, na mojawapo ya majitu ya kwanza lilikuwa Galactus. Watu walisaka viungo vyake mpaka wakagombana. Mwaka 2021 Hasbro, ambao ndio wenye Marvel Legends tangu 2007, wakafungua oda ya Galactus mwingine wa inchi 32. Yule wa kwanza akimsogelea anaonekana mtoto wake.

Subiri. Mguu utarudi.

Sifungui Boksi

Shikamoo mzee, ila hapa sikubaliani nawe. Umemchagulia Galactus, mtu mwenye jina. Huyu jamaa anatafuta adui wa kurasa chache! Nani atamrudia? Kampuni inarudia shujaa anayetokea kwenye filamu ijayo. Wale wa pembeni hutengenezwa kidogo, wanapita, basi. Na wewe wa zama hizo unamjua Yak Face, sanamu ya Star Wars ya Kenner, aliyetoka mwaka 1985 wakati mauzo yameshakufa. Madukani Marekani hakuuzwa kabisa, wenzetu wa huko wakawa wanamtafuta kupitia nchi nyingine. Wangapi walisubiri?

Mkuu Kabati, kanuni yangu ni hii: shujaa mkuu namsubiri mpaka ashuke bei, adui wa pembeni namchukua siku ya kwanza, na mkupuo ujao naweka oda mapema, picha zikitangazwa tu, kabla hata haujafika dukani. Usafiri wa kuzunguka maduka miezi mitatu umeuhesabu? Huenda hiyo "mara tatu" umeshailipa kwa nauli.

Mzee wa Robo Tatu

Marahaba. Yak Face ninaye. Nilisubiri.

(Miaka 19, lakini nilisubiri.)

Nafungua Vyote

Mbona wote mnabishana kuhusu sanamu wakati mtu anataka mguu?

Mkuu, wanaofungua maboksi tuko wengi kuliko unavyofikiri, na wengi wetu jitu hatulitaki. Mimi nina droo ya viungo. Mikono, viuno, kichwa cha kitu ambacho hata sikumbuki ni nini. Ulizia mtu anayeuza au kubadilishana kipande peke yake. Utalipa sehemu ndogo sana ya anachotaka yule mlanguzi, au hutalipa kabisa kama una kitu anachokitaka. Huyo adui mwenyewe kama humpendi, wa nini?

Ila fungua macho kwa mambo mawili.

La kwanza, feki. Vipande feki vya majitu vipo, na kwenye picha vinafanana sana. Vinapojulikana ni kwenye kiungo. Cha kweli ukikipachika kinaingia kwa kubana, kinatoa mlio wa "tak". Feki kinalegea, au plastiki yake ni nyepesi na ina mng'ao kama kijiko cha sherehe, au pale rangi mbili zinapokutana mstari umetambaa. Omba picha ya pande zote, na hasa ya sehemu inayopachikwa. Mwenye cha kweli hatakasirika.

La pili ni maboksi yaliyorudishwa. Hili limenipata. Nilinunua sanamu dukani, duka halali kabisa, boksi zuri. Gundi ya kifuniko cha chini ilikuwa imepanda kidogo upande mmoja, nikaona ni joto tu. Nafika nyumbani, ndani kuna sanamu ya miaka ya nyuma, shujaa mwingine kabisa, mkono wa kushoto umetafunwa. Sio mkwaruzo, meno yanaonekana! Mtu alinunua mpya, akaweka kuukuu yake, akarudisha boksi akapewa fedha yake. Pale kaunta wanasoma bakodi, hawasomi sura. Nami niliporudi kulalamika nikaonekana ndiye tapeli. Tangu siku hiyo nakagua gundi juu na chini kabla ya kulipa, na boksi lisilo na dirisha silinunui bila kuligusa pembe zote.

Chupa ya Chai

Meno ya nani?

Nafungua Vyote

Ya mtoto, au ya mbwa. Nimeyatazama sana, sijapata jibu.

Kabati Limejaa

Nafungua Vyote, umenifumbua macho. Nina kichwa cha jitu la mkupuo mwingine ambacho hakina kazi, nitatangaza kubadilishana.

Swali la pembeni: nilipokuwa nalisafisha jitu nimegundua goti halikunji. Nikilazimisha linapiga kelele ya kutisha. Na mgongo unanata, kama limemwagikiwa soda.

Sifungui Boksi

Ndiyo maana mimi sifungui.

Nafungua Vyote

Usilazimishe hata kidogo! Rangi imegandisha kiungo, ukikaza pini ndani inakatika na hapo utakuwa na miguu sifuri. Chemsha maji, epua, zamisha goti tu kwa dakika moja hivi. Plastiki ikilainika likunje taratibu, mbele na nyuma, mpaka liachie. Halafu lizamishe kwenye maji baridi ligande likiwa limenyooka, vinginevyo mguu utabaki umepinda.

Kunata ni kawaida kwa plastiki ya PVC. Ina mafuta ya kuilainisha, na likikaa muda mrefu mahali pa joto pasipo na hewa yanajitokeza juu. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, mswaki laini, kisha likauke kivulini. Usilianike juani: sehemu nyeupe zitageuka njano na hazirudi. Na hilo kabati liwe linafunguliwa mara mojamoja.

Mzee wa Robo Tatu

Mswaki usiwe wa mke wako. Nasema kwa uzoefu.

Kabati Limejaa

Wakuu, mrejesho.

Goti limeachia, mgongo haunati. Wale 11 bado wapo, ila juzi nimewakuta na karatasi ya punguzo, na sasa wamebaki 8. Dada wa Stoo, napita kila Jumanne asubuhi kama ulivyoniagiza.

Mlanguzi sijamlipa. Nimepata mtu wa kubadilishana, kichwa changu kwa mguu wake. Nilifuata maelekezo yote: picha za pande zote, picha ya kiungo, nikamuuliza maswali mpaka akanichoka. Nikamwambia nahitaji wa kulia, akasema ni wa kulia.

Umefika leo. Ni wa kweli, unabana, unatoa "tak" kabisa.

Ni wa kushoto.

Binti wa Stoo

😂😂 Samahani kaka.

Nafungua Vyote

Kulia kwake au kulia kwa anayemtazama? Mlikubaliana?

Kabati Limejaa

Hatukukubaliana. Yeye alikuwa anamtazama kwa mbele.

Nimejaribu kuupachika hivyo hivyo. Umeingia. Kamusi nimeirudisha mahali pake, jitu limesimama lenyewe, kidole gumba cha mguu wa kulia kiko upande wa nje. Mwanangu amelitazama akasema limepona.

Chupa ya Chai

Gongo bado lipo, ukibadili mawazo.