Naomba ushauri: nifundisheje seli inavyopambana na bakteria?

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu na nimekwama. Seli nyeupe humzingira bakteria, humfungia kwenye kifuko, kisha humwagiwa asidi na vimeng'enya hadi asagike: hapo wananielewa vizuri. Shida ni kifua kikuu. Bakteria wake akishamezwa huzuia kile kifuko kisiungane na lisosomu (kifuko kingine cha seli chenye hiyo asidi na vimeng'enya), akaishi humo humo ndani ya askari aliyetumwa kumuua, hata miaka! Juzi mwanafunzi kaniuliza, "Sasa mwalimu, kwa nini seli isijiue pamoja naye?" Na kweli nyingine hujiua, ila kulieleza nikababaika. Mwenye mfano mwepesi au mchoro wa ubaoni (projekta hatuna) anisaidie kabla ya Jumatatu.