Mpwa wangu wa miaka 15 anataka kutazama Extracurricular: nimruhusu au nimkatalie?

MjombaTabata

Salaam, wanajukwaa. Ninaishi na mpwa wangu, binti wa dada yangu, na tangu shule zifungwe amekuwa akitazama tamthilia za Kikorea karibu kila jioni. Zile za mapenzi sikuwahi kuzitilia shaka, kwa kuwa hata mimi huketi nikazitazama huku nikisingizia kusubiri taarifa ya habari. Wiki iliyopita aliniomba namba ya siri ya Netflix ili atazame Extracurricular, ambayo anasema wenzake wameshaimaliza. Niliona ni busara niitazame kwanza mwenyewe. Nimefika kipindi cha nne, na hapo nimekwama.

Kwa wasioifahamu, ilitoka Aprili 2020 na ina vipindi 10 tu. Oh Ji-soo ni mwanafunzi mpole, hodari darasani, ambaye wazazi wake wamemtelekeza. Ili apate fedha za kusomea chuo kikuu, anaendesha kwa simu biashara ya kuwalinda wanaouza miili yao: mteja akileta vurugu, mzee mmoja mwenye ngumi nzito aitwaye Bwana Lee hutumwa kumshughulikia, naye hajui kwamba bosi anayemtuma ni mtoto wa shule. Mmoja wa mabinti wanaolindwa ni Min-hee, anayesoma na Ji-soo shule moja.

Kinachonitatiza si damu wala matusi. Ni kwamba nilijikuta nikimwombea Ji-soo asikamatwe, hali nikijua kwamba anakula kwa mgongo wa mtoto mwenzake. Ikiwa mimi mwenye mvi nimevutwa hivyo, huyu wa miaka 15 atakuwaje? Naombeni ushauri, hasa kutoka kwa walioitazama hadi mwisho.

MamaSwaumu

Kaka, mkatalie. Huko Korea Kusini kwenyewe tamthilia hiyo hairuhusiwi kwa walio chini ya umri wa utu uzima, na sioni kwa nini sisi tuwe walegevu kuliko wenye nchi yao. Hoja ya kwamba wenzake wameshaitazama kila mtoto huitoa, na mara nyingi wenzake hao ni wawili.

KalamuNyeusi

Namheshimu MamaSwaumu, lakini naona huruma hiyo iliyomshtua Mjomba ndiyo kiini cha kazi nzima, na mwandishi wake, Jin Han-sae, aliipanga kwa makusudi. Ji-soo hatamani magari wala saa za dhahabu. Anataka kumaliza shule, aingie chuo, apate kazi na aishi kama watu wengine. Maisha ya kawaida ameyafanyia hesabu kama muuza duka, akaona hayafikiki kwa njia halali. Katika nchi ambayo mtihani mmoja wa kila Novemba huamua kwa kiasi kikubwa mtu ataingia chuo gani, na ambako wanafunzi hutoka shuleni wakaenda tuisheni hadi usiku, hesabu hiyo haionekani kichaa hata kidogo. Kisha baba yake anajitokeza na kumwibia akiba yake yote, na kuanzia hapo kila kosa linafanywa ili kuziba la jana.

Nawaomba mwangalie pia yule kaa anayemfuga chumbani, wa aina ile inayojibanza ndani ya kombe la konokono. Sikumwelewa hadi nilipoitazama mara ya pili.

Hofu yangu iko kwa Bae Gyu-ri kuliko kwa Ji-soo. Yeye ni mwanafunzi mwenzake na mtoto wa matajiri, hana shida ya ada, na anaingia katika biashara hiyo kwa sababu wazazi wake wanambana kama mali ya kampuni yao. Park Ju-hyun aliyemwigiza alipata tuzo ya Baeksang, moja ya tuzo kubwa za uigizaji huko Korea Kusini, ya mwigizaji mpya wa kike mwaka 2021, na aliistahili. Lakini ndiyo maana mhusika huyo anavutia mno, na binti anayeona kwamba nyumbani wanambana anaweza kumpenda kwa sababu zisizo nzuri. Hapo ndipo ningekaa naye, kipindi kwa kipindi.

Jambo jingine ni wakati ilipotoka. Mwezi mmoja kabla, Machi 2020, Korea Kusini ilikuwa imetikiswa na kashfa ya makundi ya Telegram ambamo wasichana, wengine wakiwa watoto, walitishwa kwa picha zao wenyewe na kulazimishwa kutoa video zilizouzwa kwa wanachama. Miongoni mwa waliohukumiwa walikuwamo vijana wa chini ya miaka 20. Tamthilia ilikuwa imeshakamilika kabla ya hapo, lakini watazamaji hawakuweza kuitenganisha na habari hizo.

WakiliMchanga

Ningependekeza aanze na Juvenile Justice, iliyotoka Februari 2022, nayo ikiwa na vipindi 10. Kim Hye-soo ameigiza hakimu wa mahakama ya watoto anayetamka waziwazi kwamba anawachukia wahalifu wadogo, kisha anachimba kila kesi kuliko hakimu yeyote mwenye huruma. Inaanza na mvulana wa miaka 13 anayeingia kituo cha polisi akiwa na shoka na damu mwilini, na baadaye anauliza, akicheka, kama ni kweli kwamba aliye chini ya miaka 14 hafungwi hata akiua. Ni kweli: huko wenye miaka 10 hadi 13 hupewa hatua za malezi, ambazo kali kuliko zote ni kukaa hadi miaka miwili katika taasisi ya vijana. (Mvulana huyo ameigizwa na mwanamke mtu mzima, Lee Yeon, mimi sikung'amua.) Tofauti na Extracurricular, hapa mtoto ataona pia familia ya aliyeumizwa, na hilo ndilo ambalo Ji-soo hutusahaulisha.

MwalimuMstaafu

Mjomba, kabla ya kuamua muulize ameshaona kiasi gani. Katika miaka yangu ya kufundisha, kitu kilichoombwa ruhusa mara nyingi kilikuwa kimeshatazamwa nusu.

MjombaTabata

Nawashukuru nyote. Mwalimu, nimemuuliza, na amekiri kwamba ameona vipande vingi kwenye simu ya rafiki yake, karibu vyote vya Gyu-ri. Alipoeleza kwa nini anampenda, alisema ni kwa sababu "haogopi mama yake." KalamuNyeusi, maneno yako yalinijia palepale.

Nimezungumza na dada yangu, na tumekubaliana kwamba Extracurricular isubiri hadi atakapokuja Desemba, waitazame wawili. MamaSwaumu, najua hili halitakuridhisha. Kwa sasa nitatazama naye Juvenile Justice siku za Jumamosi, ila ile kesi ya shoka nitaitazama kwanza peke yangu, naye akiwa amelala.

MamaSwaumu

Basi punguza sauti, kaka, na ufunge mlango.