Karakana ya nguzo nyuma ya nyumba: nguzo za miti zitahimili mchwa na upepo wa Dodoma?

Randa_Dom

Wakuu habari za muda huu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kujenga au kujengewa. Mimi ni seremala, vitanda, makabati, milango, kwa sasa nimepanga fremu barabarani na kodi inanimaliza, halafu mwenye fremu hataki mashine kubwa kwa ajili ya kelele. Kiwanja changu kiko pembezoni kidogo mwa mji hapa Dodoma, nyuma ya nyumba kuna eneo limebaki, nimepima nikaona jengo la mita 6 kwa 9 linakaa bila kubana nyumba wala choo.

Sasa kila nikipiga hesabu ya msingi wa mawe, tofali, mkanda, plasta, hela inaishia ukutani sijafika hata kwenye bati. Ndio nikawaza nijenge kwa nguzo, yaani nachimbia nguzo za mikaratusi, kenchi (zile pembetatu za mbao za kubeba paa) zinakaa juu ya nguzo moja kwa moja, ukuta unakuwa bati au mabanzi tu kwa sababu haubebi kitu.

Kinachonitia wasiwasi ni mchwa. Huku ukisahau kipande cha mbao chini, baada ya muda mfupi ukikigeuza unakuta kimeshajengewa udongo. Jirani yangu alijenga banda la kuku kwa mirunda, nguzo zikakatikia pale pale usawa wa ardhi, ukishika juu mti mzima kabisa, ukishika chini unabaki na unga mkononi. Na upepo wa kiangazi mnaujua. Je nguzo zichimbiwe chini kiasi gani, nichukue zipi, na je upepo hauwezi kuondoka na paa zima? Nataka kitu cha kukaa miaka, hii ndio ofisi yangu ya kulea watoto.

MtotoWaMufindi

Mkuu wazo lako ni zuri sana na hesabu yako iko sawa, kwenye jengo la nguzo ukuta ni nguo tu, mzigo wote uko kwenye nguzo na viungo vyake. Kwa hiyo hela unayookoa ukutani usiile yote, nyingine ipeleke kwenye nguzo.

Mirunda ya kupigia jukwaa isahau, ile haina dawa. Tafuta nguzo zilizotiwa dawa kiwandani kwa presha, zinatoka sana huku Mafinga kwenye mikaratusi, viwanda ni vile vile vinavyotengeneza nguzo za umeme. Zipo za rangi ya kijani, hiyo ni dawa ya CCA, yaani shaba, kromiamu na aseniki, na zipo nyeusi zenye kreosoti, yale mafuta ya lami ya makaa ya mawe. Kwa karakana ambayo utakuwa unashika shika nguzo na kuegemea chukua za kijani, kreosoti inanuka na inachoma ngozi hasa jua likipiga.

Ukifika pale usinunue kwa kuangalia ubavuni, nenda kwenye kichwa cha nguzo ilipokatwa. Dawa haiingii kwenye moyo wa mkaratusi, inaingia kwenye ile tabaka ya nje tu, kwa hiyo unatakiwa uone duara la rangi limeingia ndani sentimita mbili hivi kuzunguka nguzo yote. Ukiona rangi imekaa juu kama imepakwa kwa brashi, acha. Angalia na nyufa, nguzo iliyotiwa dawa kabla haijakauka hupasuka baadaye na ule ufa unafungua njia hadi kwenye moyo usio na dawa, mchwa wanapita humo humo.

Na hapa ndio mafundi wengi wanaharibu: usimruhusu mtu achonge mguu wa nguzo ili uingie shimoni, wala usikate upande wa chini. Kama ni ndefu ikate juu, ule mkato upake dawa uufunike na bati. Vipande vitakavyobaki visiende jikoni, moshi wake una aseniki.

Fundi_Kenchi

Naongezea kwa MtotoWaMufindi kaeleza vizuri.

Kwa 6 kwa 9 weka nguzo kila mita 3, maana yake 4 kila upande mrefu, jumla 8 za kubeba kenchi, na 2 za mbele za kushikia mlango. Chukua za mita 4 hadi 4.5, unene wa juu usipungue milimita 125. Shimo mita 1 kwenda chini, upana sm 45. Kabla hujachimba hakikisha pembe zako, vuta kamba kona kwa kona, zote mbili zisome mita 10.82, zikitofautiana jengo limepinda na bati zitakusumbua mwanzo mpaka mwisho.

Chini ya shimo mwaga kokoto kavu sm 15, shindilia, nguzo ikae juu ya kokoto SIO juu ya zege. Ukimwaga zege chini unakuwa umetengeneza kikombe, maji yakishuka na ubavu wa nguzo hayana pa kwenda. Zege liwe la pembeni tu kuizunguka, na juu lipande kidogo kuliko ardhi halafu uliteremshe kwa nje ili maji yakimbie. Nguzo huwa inaozea pale usawa wa ardhi kwa sababu pale kuna unyevu na kuna hewa vyote kwa pamoja, ndio maana ya jirani yako ilikatikia hapo hapo. Kwa mashimo yote 8 zege la 1:3:6 (simenti 1, mchanga 3, kokoto 6) ni kama mifuko 5 ya simenti, sio mzigo mkubwa.

Upepo sasa. Watu wanadhani upepo unasukuma nyumba, kwenye banda la wazi upepo unaingia chini ya paa unanyanyua. Bati za geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati) hazifiki kilo 5 kwa mita mraba, upepo wa kilomita 100 kwa saa una presha ya kama kilo 48 kwa mita mraba. Kwa hiyo uzito wa paa haukusaidii chochote, kinachokusaidia ni viungo. Wolpleti (ile mbao ya kulala juu ya vichwa vya nguzo) ifungwe na nguzo kwa bolti za milimita 12 zenye washa kubwa, kila kenchi ishikwe na mkanda wa chuma unaoshuka mpaka kwenye nguzo, papi (mbao za kupigilia bati) zifungwe na kenchi kwa mkanda pia au waya mnene, msumari peke yake wa kupiga juu unang'oka kama unavyong'oa kwa nyundo. Chini kabisa ya nguzo, sm 20 kutoka mwisho, toboa upitishe kipande cha nondo kikae ndani ya zege, hapo upepo ukivuta unavuta na zege lake. Hilo tundu lipake dawa kabla.

Na ufunge ukuta upande wa mashariki, huku Dodoma upepo mwingi unatoka huko. Ukiacha mashariki wazi na magharibi umefunga umetega puto.

Mzee_wa_Kongwa

Vijana mnapenda gharama. Sisi mabanda tumejenga miaka yote, mguu wa nguzo unauchoma moto mpaka uwe mweusi, unapaka oili chafu ya gari, unachimbia. Mchwa hagusi.

MtotoWaMufindi

Mzee wangu shikamoo. Sikatai, na kwa nguzo za mninga au mkongo zilizokomaa hata bila oili zinakaa, mti wenyewe una ukali wake. Tatizo mti wenye moyo uliokomaa wa kutosha nguzo 10 siku hizi ni wa kutafuta na una taratibu za vibali. Mkaratusi mchanga ukiuchoma unapata ganda la mkaa juu tu, ukikauka ukapasuka mchwa anapita kwenye ufa. Oili chafu nayo haiingii ndani ya mti, inakaa juu, mvua zinaiosha inaingia ardhini, na kama ana kisima au bustani ya mboga pale nyuma sio kitu cha kumwaga.

Mkuu Randa_Dom kuna mtu atakuja kukwambia tafuta dieldrini kama zamani. Usihangaike, ile iko kwenye orodha ya sumu zilizokatazwa kimataifa tangu Mkataba wa Stockholm wa 2001. Kwenye maduka ya pembejeo kuna dawa za mchwa zenye fipronil au imidakloprid, unachanganya kama kibandiko kinavyosema unamwagia udongo wa shimo wakati unafukia, na unakaa mbali na kisima. Halafu kila baada ya mvua pita kwenye kila nguzo uangalie kama kuna njia ya udongo inapanda, ukiiona kwangua. Mchwa wa ardhini hawezi kutembea juani, lazima ajenge hiyo njia, kwa hiyo ukiacha zege lionekane na usirundike mabanzi kwenye nguzo unamuona mapema.

Randa_Dom

Mzee wa Kongwa shikamoo, nashukuru, mninga wangu nauhifadhi kwa milango ya wateja. Fundi_Kenchi kuna mtu kaniambia nisichimbie kabisa, nimwage vitako vya zege vinavyotokeza juu ya ardhi, nizamishe flati ba (vyuma bapa), nguzo ikae juu imefungwa bolti. Hapo mti haugusi udongo, si ndio dawa ya mchwa kabisa?

Fundi_Kenchi

Ni njia nzuri na kama udongo wako ni mfinyanzi mweusi wa mbuga unaovimba mvua ikija na kupasuka kiangazi, mimi mwenyewe ningeifikiria, ila kitako kiende chini kweli. Lakini jua unachokipoteza. Nguzo iliyochimbiwa mita 1 inasimama yenyewe, ukiisukuma ardhi inaishika. Nguzo iliyokaa juu ya flati ba ni kama imesimama kwenye bawaba, jengo zima linaweza kulala upande mmoja. Kwa hiyo ukienda hiyo njia lazima uweke mbao za mshazari kila kona, toka nguzo hadi wolpleti, na ukuta mmoja mmoja uwe na msalaba wa mbao kabisa toka chini mpaka juu. Seremala hiyo mishazari itakukera ukipitisha mbao za futi 12.

Mimi nikiona ardhi yako ni ya kichanga chekundu nitachimbia nguzo yenye dawa nzuri bila wasiwasi.

Posti_Tatu_Eldoret

Wadau, huku kwetu Uasin Gishu karibu kila boma lina stoo ya posti za bluegum (mikaratusi) hivi, ya mahindi, ya trekta, hata kuna jamaa anachomelea mageti ndani. Zinakaa vizuri sana posti zikiwa zimetritiwa, yaani zimetiwa dawa. Kitu moja naweza sema, mabati usinunue geji 30 juu ni rahisi, hiyo ni nyembamba kuliko 28, upepo ikianza kuitingisha ile shimo ya msumari inapanuka pole pole hadi bati inachomoka na msumari imebaki kwa mbao. Tumia skrubu zenye mpira, na pale pembeni mwa paa uziweke karibu karibu, upepo huanzia hapo kubomoa.

Dada_Saketi

Kaka Randa_Dom hujagusia umeme na karakana ni mashine. Msumeno wa meza wa motor ya hapawa 3 ni kama kilowati 2.2, unakwenda kwa umeme wa nyumbani wa volti 230 bila kuhitaji fezi tatu, ila ukiwasha unavuta mara kadhaa ya hapo kwa sekunde chache. Ukichukua waya wa soketi za sebuleni ukauvuta mpaka nyuma, mashine itawaka kwa kunguruma, motor itachemka na siku moja inaungua, watu wanailaumu mashine.

Vuta laini ya peke yake kutoka meni switchi, waya wa milimita mraba 4 kama umbali ni mita 25 hivi, upite ardhini ndani ya paipu, kina nusu mita au zaidi, usiuning'inize juu ya kamba ya nguo. Huko karakana weka boksi lake lenye breka, pamoja na ile breka inayokata umeme ukivuja, na ethi rodi (fimbo ya chuma ya kupeleka umeme uliovuja ardhini). Jengo la bati na mtu mwenye jasho anashika mashine ya chuma, hiyo breka ya kuvuja ndio uhai wako. Mpe kazi fundi mwenye leseni ya EWURA. Na taa zining'inie mbali na vumbi la randa, vumbi la mbao likijaa hewani linashika moto.

Kiwanja_Namba_Ngapi

Kabla ya yote hayo nenda halmashauri uulizie kibali cha ujenzi, na uliza wazi kama matumizi ya kiwanja chako yanaruhusu karakana, kiwanja cha makazi ni cha makazi. Watu wanaambiwa "ni banda tu" halafu siku jirani akilalamika kelele wanakuja na rangi nyekundu kukuwekea X ya kubomoa. Ongea na majirani mapema, panga saa za kupiga randa, na mdomo wa karakana uelekee barabarani au kwenye eneo lako, usiwaelekee wao. Vumbi la mninga linawabana watu kifua, hata wewe mwenyewe vaa barakoa ya maana.

Randa_Dom

Nimeshukuru sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Udongo wangu ni mwekundu wa kichanga kwa hiyo nachimbia, nguzo za kijani, mashariki nafunga. Kesho naanza na halmashauri. La mwisho, sakafu. Nikimwaga zege eneo lote hela haitoshi kwa awamu ya kwanza.

Fundi_Kenchi

Sakafu yote kwa unene wa sm 10 ni mita za ujazo 5.4, kwa 1:2:4 inakula kama mifuko 34, hapo unaona simenti ya sakafu inazidi ya nguzo karibu mara saba. Gawa. Mwaga kipande cha mita 3 kwa 4 pale msumeno na randa vitakapokaa, hapo unahitaji usawa, mashine ikicheza mbao inapinda. Eneo lingine weka moramu (udongo wa changarawe), mwagia maji, shindilia vizuri, utamalizia baadaye hela ikipatikana.

Ila inua usawa wote wa ndani sm 15 juu ya uwanja kabla ya kumwaga chochote. Mvua ya Dodoma sio nyingi, lakini ikija inakuja yote kwa mara moja, na bati zako zitamwaga maji yote pembeni. Chimba mfereji chini ya matone ya paa uupeleke mbali na nguzo. Na ukimwaga hicho kipande acha nafasi ya sentimita moja kati ya zege na nguzo, ujaze lami au mchanga, ili siku nguzo moja ikihitaji kubadilishwa uitoe bila kuvunja sakafu. Ukifika kwenye kenchi piga picha uweke hapa tuone viungo kabla hujapiga bati.