Tupeane uzoefu: uliyewahi kuigiza Bongo Muvi, yalikukuta yapi?

Mkongwe wa Sinza: Jana kwenye basi wameweka Devil Kingdom, ile muvi ya marehemu Kanumba na Ramsey Nouah wa Nigeria, nikakumbuka mbali. Enzi zile kila kijana wa Sinza msanii. Mimi nilikuwa muuza sura. Unaitwa alfajiri, unashinda lokesheni mpaka usiku, sini yako ni kupita nyuma ya meza ya baa na chupa tupu. Malipo: chipsi kavu na "jina litakua, mdogo wangu". Wengine je?

Binti Tandale: Chipsi mlipata? Sisi tuliambiwa tuje tumeshakula.

Jambazi Mstaafu: Umenitonesha, Mkongwe. Nilipewa nafasi ya jambazi, ndiyo mara ya kwanza nina maneno ya kusema. Dairekta anataka uhalisia, kamera kaificha ndani ya gari, Toyota Noah, Manzese, jioni watu wametoka kazini. Nimkwapue dada mkoba, naye msanii, nikimbilie uchochoroni. Dada akapiga yowe la "mwiziii!" kwa kipaji chake chote.

Uchochoroni sikufika. Muuza viazi alinichota mtama nikala vumbi. Nalia "tunaigiza jamani, tunaigiza!" Jamaa ananijibu, "Wote mnasemaga hivyohivyo." Mara naona tairi linaviringishwa. Tairi, ndugu zangu! Prodyuza kapandisha vioo vya Noah. Aliyeniokoa ni yule dada, alinilalia mgongoni akilia, "Ni mume wangu, tumegombana tu!" Wakaniachia huku wananitukana. Jino la mbele lilibaki Manzese. Na ile sini waliitumia, iko sehemu ya pili ya muvi, watu wakasifia eti jamaa anajua kuigiza maumivu.

Mzee wa Data: Chai.

Jambazi Mstaafu: Njoo nikuoneshe pengo.

Sauti ya Kiti: Kibali cha Bodi ya Filamu mlikuwa nacho? Serikali ya mtaa mliwapa taarifa?

Binti Tandale: Kibali kinazuia tofali? Jambazi, yule dada ulimuoa?

Mzee wa Data: Tukirudi kwenye mada, Kanumba mnamsifia sasa hivi. 2009 alipoingia jumba la Big Brother, nani hakumcheka Kiingereza chake?

Mkongwe wa Sinza: Mimi sikucheka. Kijana wa Shinyanga, katokea kundi la maigizo la Kaole, 2006 tayari kacheza na akina Mercy Johnson wa Nigeria kwenye muvi ya Dar 2 Lagos. Wewe na Kiingereza chako ulifika wapi?

Mzee wa Data: Nimefika TRA, mamlaka ya mapato, nina pensheni.

Shangazi Mlokole: Muacheni marehemu apumzike. Aprili 2012 tulipomuaga pale viwanja vya Leaders nilikuwepo, watu wanazimia, huoni pa kukanyaga. Miaka 28 tu.

Mama Wawili: Mimi nilicheza nafasi kuu. Watoto mtaani wananiita kwa jina la kwenye muvi, kumbe narudi nyumbani kwa mguu kwa kukosa nauli. Msambazaji alinunua kazi jumla, hakimiliki na kila kitu, prodyuza akatukatia kidogo. 2013 zilipoanza stempu za kodi kwenye sidii tukasema sasa wezi wamekwisha. Leo muvi iko YouTube, mabinti zangu wanaiangalia kwa bando ninalowanunulia mimi. Hata mia siioni.

Sauti ya Kiti: Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, dada.

Mama Wawili: Na karatasi ipi? Tulipeana mikono tu.

Binti Tandale: Ndiyo maana nasema usikubali kitu bila maandishi.

Mkongwe wa Sinza: Ukidai maandishi unaambiwa unaringa, kesho nafasi kapewa mwingine. Chukua advansi nusu, iliyobaki msamehe.

Shangazi Mlokole: Au soma ualimu.

Binti Tandale: Jambazi hajajibu la dada.

Kipaji Halisi: Samahanini wakubwa, mwenye namba ya prodyuza yeyote anisaidie. Najua kulia bila kitunguu.

Mama Wawili: Mwanangu, umesoma tulichoandika?

Kipaji Halisi: Nimesoma chote, mama. Naomba namba.