Spea ya inchi 14 kwenye Fielder ya inchi 15: naweza kusafiri nayo?

MwalimuLuanda

Hamjambo nyote. Nina Toyota Fielder ya 2010, inavuta kwa magurudumu ya mbele. Matairi yake ni 195/65R15, nati tano. Juzi nilifunua sakafu ya buti nikakuta spea ni rimu ya chuma ya inchi 14 yenye tairi la 185/70R14. Aliyeniuzia gari anasema matundu ni yaleyale, nisihofu. Mimi nahofu. Kila mwezi nampeleka mama kliniki Eldoret, na njia yetu ni Majengo, Chavakali, Kaimosi, Kapsabet. Tunaondoka alfajiri, mafundi wa pancha hawajafungua, na mama hawezi kukaa kando ya barabara kwenye baridi ile. Tukipata pancha Kaimosi, spea hii itatufikisha Kapsabet? Anayejua aniambie waziwazi.

DerevaSondu

Dada, itawafikisha. Mimi nabeba samaki na ndizi kwa Probox, na nimefunga rimu ndogo mara nyingi gari likaenda hadi kwa fundi. Kaza nati, usikimbie, basi.

FundiKibuye

Mwalimu, umefanya vyema kufunua hiyo sakafu kabla ya safari. Wengi wanaoletwa kwangu hapa Kisumu wakivutwa kwa kamba, tairi la akiba walilitazama mara ya mwisho siku waliyonunua gari.

Kaka wa Sondu amesema kweli, gari litaenda. Ila swali la kwanza ni pancha imeingia wapi, mbele au nyuma. Tairi la 195/65R15 lina kimo cha karibu milimita 634. Hilo la 185/70R14 ni kama 615. Tofauti ni asilimia 3 hivi. Jicho halioni kitu, lakini difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele, inahisi. Ukifunga dogo upande mmoja wa mbele, litazunguka haraka kuliko mwenzake hata kwenye barabara iliyonyooka kabisa, na zile gia ndogo za ndani ya difu, ambazo kazi yake hasa ni kwenye kona, zitasagana muda wote. Nyuma ya Fielder yako hakuna difu. Kila gurudumu linajizungukia lenyewe. Kwa hiyo spea hii ni ya nyuma tu.

Pancha ikiwa mbele, kazi ni mbili. Anza nyuma: toa tairi zima, funga spea mahali pake, shusha jeki. Kisha nenda mbele, toa lililotoboka, ufunge lile zima ulilotoa nyuma. Ni dakika nyingi zaidi, najua, na mama yuko ndani anasubiri, lakini fanya hivyo hivyo. Na pale Kaimosi ni milima. Hendibreki hushika magurudumu ya nyuma pekee, kwa hiyo tafuta mahali palipo sawa, na ukiinua nyuma tanguliza mawe makubwa, mbele na nyuma ya tairi la mbele. Mama ashuke kwanza, hata kukiwa na baridi. Gari lililo juu ya jeki halikaliwi na mtu.

Lililo kubwa kuliko yote: usingoje Kaimosi. Ijaribu nyumbani leo, mbele na nyuma. Matundu kulingana hakutoshi. Rimu ya inchi 14 inaweza kugusa kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki, hasa mbele. Ifunge, kaza nati kidogo, halafu izungushe kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kushusha jeki. Ukisikia inakwaruza, haifai upande huo. Tazama pia ncha ya nati. Kuna zenye ncha ya koni, kuna za mviringo kama za Honda, kuna za bapa zenye washa. Nati isiyokaa vizuri kwenye tundu la rimu italegea njiani hata ukiikaza kwa nguvu zako zote.

Ukishaifunga, nenda 50 au 60, breki uziguse mapema na polepole. Taa ya ABS ikiwaka usishtuke, ni kwa sababu gurudumu moja linazunguka haraka kuliko mengine. Ukifika Kapsabet kaza nati tena, halafu tafuta fundi hapohapo. Usiendelee nayo hadi Eldoret.

ForesterNakuru

Mzee Fundi amemaliza kwa upande wa Fielder. Naongeza kwa sisi wa Subaru, maana kuna mtu atasoma hapa na kuiga. Gari letu linavuta magurudumu yote manne, hakuna "nyuma salama". Zile za zamani za gia otomatiki zina kijisanduku chini ya boneti kilichoandikwa FWD. Unachomeka fyuzi, taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi, gari linavuta mbele tu, kisha spea inakwenda nyuma. Ukirudisha tairi zima, toa fyuzi.

Na msiazimane rimu na nati kati ya Toyota na Subaru kwa kuwa zote zina matundu matano. Tundu la katikati la Toyota hizi ni milimita 54.1, habu ya Subaru, kile kitovu ambacho rimu hukaa juu yake, ni 56.1, haliingii. Ya Subaru kwenye Toyota inaingia lakini inacheza. Nati ndizo mbaya zaidi: nafasi kati ya nyuzi za Toyota ni milimita 1.5, za Subaru 1.25. Ukilazimisha unaharibu boliti.

MwalimuLuanda

Asanteni sana. Nimejaribu jioni hii na kijana wa jirani. Mbele inagusa kalipa, haikuzunguka hata nusu. Nyuma inazunguka vizuri. Nashukuru nimejua nikiwa uani kwangu. Nimeamua kutafuta rimu ya inchi 15, Jumamosi nitakuwa Kisumu. Fundi, nikague nini?

FundiKibuye

Beba nati yako moja mkononi. Tafuta rimu ya chuma ya Toyota, inchi 15, matundu matano, tundu la katikati 54. Ilaze chini na uizungushe macho pembeni mwote, iliyopinda utaiona. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Magari haya huja kutoka Japani yakiwa na umri, na spea mara nyingi ina umri uleule. Inaonekana mpya kwa kuwa haijaguswa na barabara, kumbe mpira umekauka. Angalia nyufa ndogo ubavuni.

Ukiuziwa ile spea nyembamba ya muda, T125/70D15, inafaa pia, kwa sharti usizidi 80, nayo ifungwe nyuma vilevile. Ila inataka upepo wa 60 psi, karibu mara mbili ya matairi yako. Waambie wa pampu hivyo, la sivyo watakujazia 30.