Tupeane uzoefu: mliosimama mbele ya sanamu ya Surcouf, Saint-Malo, Ufaransa

Mama Rihana: Mwanangu karudi jana kutoka safari ya shule, simu imejaa picha za sanamu ya Surcouf, yule nahodha Mfaransa aliyeteka meli za maadui: ile shaba, mkono umenyooka baharini, shakwe katua kichwani. Anasimulia kutekwa kwa Kent kama aliyekuwepo, Oktoba 1800, Ghuba ya Bengal, Surcouf na meli yake Confiance, mabaharia wasiofika 200, wakiiteka meli hiyo kubwa ya Waingereza. Nikamuuliza, na utumwa? Hakuambiwa chochote. Mlioishi huko Bretagne, mkoa wa Saint-Malo, kwenu ilikuwaje?

Shangazi wa Rennes: Hivyohivyo. Wangu watatu wamepita pale.

Mkilwa: Umenitonesha kidonda, dada. Mimi mzee mmoja alinisimamisha pale chini ya sanamu, kwa heshima zote, anieleze shujaa wao. Nikamwambia nilikozaliwa: Kilwa, ambako mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wetu, watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe Île de France, Morisi ya leo. Surcouf alikuwa bado mtoto. Alipokua akaja bahari hiyohiyo. Mwaka 1790 alikuwemo kwenye Aurore, meli ya watumwa, ilipopigwa na dhoruba na kuvunjika pwani ya Afrika. Mabaharia walijiokoa. Watu wetu walikuwa wamefungiwa chini, wakafa maji, mamia. Mzee yule alinyamaza, kisha akaniuliza Kilwa iko wapi. Nililia, sikuona haya.

Baharia: Pole kaka. Ila kila bandari ina shujaa wake. Nasi nyumba ya Tippu Tip ipo Mji Mkongwe, watalii wanapiga picha mlangoni.

Mkilwa: Nyumba si sanamu. Na Unguja hakuna mtoto asiyejua Tippu Tip aliuza nini!

Baharia: Surcouf aliuza miaka michache tu, umaarufu wake ni vita.

Shangazi wa Rennes: Miaka michache kwa nani? Kwa waliofungiwa chini?

Bi Mwanaidi: Mmenikumbusha siku yetu. Kutoka kwenye sanamu tukashuka hadi Grand Bé, kisiwa unachokifikia kwa miguu maji yakipwa, kaburini kwa mwandishi Chateaubriand. Bamvua. Kugeuka, njia ya mawe haionekani, povu tupu. Mama mkwe kashatia mguu, khanga imelowa hadi kiunoni, mkoba kichwani, anasema yeye ni wa Pemba, maji hayamtishi. Mkondo ukamyumbisha. Mume wangu alimdaka kwa mtandio! Tukarudi juu, tukakaa na upepo ule hadi yakapwa, giza limeingia, mtoto anatetemeka.

Baharia: Yakiwa chini ya goti, vuka haraka.

Mkilwa: Usimsikilize! Pale bamvua hupanda zaidi ya mita 12. Kaa kisiwani.

Juma: Mama mkwe yu hai?

Bi Mwanaidi: Hai, na bado anasema angevuka.

Shangazi wa Rennes: Jamani, Mama Rihana kauliza la mtoto. Mwandikie mwalimu.

Juma: Asimwandikie, mtoto aulize mwenyewe darasani, wenzake wasikie.

Mkilwa: Mpeleke Nantes, kwenye ukumbusho wa kukomeshwa utumwa, ukingoni mwa mto Loire, upo tangu 2012. Hakuna kiingilio. Majina ya meli za watumwa yamewekwa njiani, asome moja moja.

Mama Rihana: Tunakwenda likizo ijayo. Shangazi, tutapitia kwako.