Pedi ya vitufe au ya kutikisa mkono: ipi inafaa kwenye konsoli?

Kijiti_Kushoto

Wakuu habari. Naomba tulinganishe jambo ambalo limenisumbua kichwa mwezi mzima sasa. Nyumbani tutakaocheza ni watatu: mimi niliyekulia kwenye pedi ya PlayStation, mdogo wangu wa miaka 10, na mama ambaye pedi huishika tu anapoiondoa kwenye kochi. Nataka konsoli moja itakayotufaa wote.

Kuna wanaoniambia gemu za kutikisa mkono zilikuwa homa ya miaka ya Wii, ile konsoli ya Nintendo, ikapita. Wengine wananiambia mtu akishazoea kulenga kwa kuinamisha pedi, hawezi tena kurudi kwenye kijiti cha kidole gumba. Wote ni watu ninaowaamini. Mliotumia vyote viwili kwa muda mrefu, nielezeni: ipi ina usahihi zaidi, ipi inachosha, na ipi mtu anaendelea kuitumia baada ya mwaka kupita?

Mzee_wa_Pedi

Mkuu, nakushauri pedi ya kawaida. Kitufe hakina maswali: umekibonyeza au hujakibonyeza. Ukitikisa mkono, mashine lazima isubiri mwendo uanze, iupime, kisha iamue kama ulitaka kupiga upanga au umebadilisha mkao tu. Inapomaliza kuamua, adui ameshakufikia.

Chukua Donkey Kong Country Returns ya 2010 kwenye Wii. Ni gemu ya kuruka mashimo, inayotaka kila kitu kifanyike kwa wakati wake hasa, lakini kubingirika wakakuweka kwenye kutikisa rimoti. Kidole gumba kinajua wakati. Mkono unaotikiswa haujui. Gemu hiyohiyo ilipohamia 3DS mwaka 2013, kubingirika kukawa kwenye kitufe, na utadhani ni gemu nyingine.

Sony nao walitoa Lair kwa ajili ya PS3 mwaka 2007, gemu ya kupanda joka, na joka unaliongoza kwa kuinamisha pedi. Mwaka uliofuata likaja sasisho la kuruhusu kijiti. Skyward Sword ya 2011, gemu ya Zelda ya Wii, ilijengwa yote juu ya mwelekeo wa upanga mkononi. Ilipotolewa upya kwenye Switch, konsoli ya Nintendo ya baadaye, mwaka 2021, wakaongeza njia ya kucheza kwa vitufe na kijiti peke yake. Nikiona waliotengeneza wenyewe wanarudi kuongeza kijiti, kwangu hilo ni jibu tosha.

Infraredi

Mzee nakuheshimu, ila umefunga vitu vinne tofauti kwenye furushi moja, na kila mjadala wa namna hii huharibikia hapo. Kijiti_Kushoto, vitenganishe kwanza ndipo uchague.

Cha kwanza ni akselerometa. Hiki ni kihisi kinachopima mtikisiko na mvutano wa dunia. Kinajua mkono umetikiswa na kwa nguvu kiasi gani, lakini mkono umeelekea wapi kinakisia. Rimoti ya Wii ilipotoka 2006 ilitegemea hicho kwa mwendo wote wa mkono. Ndiyo maana kwenye tenisi ya Wii Sports, mtu aliyekaa akatikisa kifundo tu angeweza kumfunga anayezungusha bega zima. Mpaka 2009 ndipo kikaja kifaa cha MotionPlus cha kuchomeka chini ya rimoti, chenye jairo ndani, yaani kihisi kinachopima mzunguko, na mzunguko wa mkono ukaanza kusomeka sawasawa. Mifano yote ya mzee ni ya kutikisa au kuinamisha mahali ambapo kitufe au kijiti kilitosha. Hapo nakubaliana naye kabisa, kitufe kinashinda.

Cha pili ni kuonyesha kwa mwanga. Ule upau wa Wii wa juu ya TV wengi waliuita wa kihisi, lakini hauhisi chochote. Ni taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kundi moja kila upande, na kamera inayoziona imo kwenye pua ya rimoti. Nililijua hili vizuri siku waya wa upau wangu ulipokatika katikati ya gemu. Niliweka mishumaa miwili mbele ya TV, shibiri moja hivi kati yake, nikazima taa ya chumba. Mshale wa kulengea ukarudi kwenye skrini, ukitikisika kidogo kila ndimi za moto zilipoyumba. Nilicheza hadi mwisho wa hatua ile. Ukitaka kujua njia hii ilikuwa na uzito gani, tafuta Resident Evil 4 ya Wii au Metroid Prime 3, zote za 2007. Unaonyesha unapotaka risasi iende, inaenda.

Cha tatu ni kamera inayokutazama wewe. EyeToy ya PS2 ilianza 2003. Mwaka 2010 zikaja mbili kwa mpigo: PlayStation Move, yenye tufe linalong'aa ambalo kamera inalipima ukubwa ili kujua liko mbali kiasi gani, na Kinect ya Xbox, isiyotaka ushike chochote. Kinect iliuza milioni 8 katika siku 60 za kwanza, kisha tazama ilikoishia. Xbox One ilitoka nayo kwenye boksi mwaka 2013, Juni 2014 ikaanza kuuzwa bila hiyo, na 2017 utengenezaji ukasimama. Kosa lake unaliona kwenye menyu za mwanzo: ili uchague kitu, unainua kiganja juu yake, unakituliza hapo, unangoja duara lijae. Kitu ambacho kidole gumba hukimaliza kabla hujafumba jicho.

Cha nne ni jairo ndani ya pedi ya kawaida. Hapo namwachia anayeishi humo.

Shabaha_Moja

Ameniita mimi huyo, na nashukuru kwa utangulizi, maana naumia nikisikia watu wanaichukia jairo kwa makosa ya kutikisa rimoti.

Kijiti hakisemi "tazama pale". Kinasema "geuka kwa kasi hii", halafu wewe unatakiwa ukiachie wakati hasa mshale unapofika. Ukichelewa kidogo unapita, ukirudi unapita tena upande wa pili. Ndiyo maana gemu nyingi za risasi kwenye konsoli zinakuvutia mshale kuelekea kwa adui kimyakimya: bila msaada huo kidole gumba kinahangaika. Jairo ni kitu kingine. Ukigeuza pedi kiasi fulani, mshale unakwenda kiasi hicho kisha unasimama. Ndivyo mausi inavyofanya kazi, na ni sababu ileile inayowafanya wachezaji wa kompyuta wasiiache.

Wala jairo haiji kuondoa kijiti. Kijiti kinafanya kazi kubwa, kukugeuza kutoka mlango hadi dirisha. Jairo inamalizia ile sehemu ndogo ya mwisho. Chukua upinde kwenye Breath of the Wild, gemu nyingine ya Zelda. Umejificha nyuma ya jiwe, Guardian, adui wa mashine, anazunguka, na jicho lake ni nukta ndogo ya buluu. Unavuta upinde, kijiti kinakuleta usoni pake, kisha vifundo vya mikono vinasogea kama unene wa ukucha. Mshale wa kulengea uko juu ya jicho. Unaachia. Ukijaribu kijiti peke yake kwa shabaha hiyo, utaona unavyocheza kushoto na kulia kabla ya kutulia.

Gemu iliyowafundisha wengi ni Splatoon, ya 2015 kwenye Wii U. Siku za kwanza mbili tatu utaichukia. Utainua pedi juu mpaka unatazama mbingu za gemu na hujui urudije. Kuna kitufe cha kurudisha kamera mbele, kizoee kabla ya kitu kingine chochote. Halafu usipunguze kasi ya jairo hadi chini kabisa kwa woga. Ikiwa chini sana unalazimika kuzungusha mikono mizima, na hapo ndipo inapochosha. Kwa kiwango cha kati, mikono inakaa mapajani na kinachosogea ni vifundo tu.

Angalia pia konsoli unayonunua. Switch inayo tangu 2017. DualSense, pedi ya PS5, inayo, ila gemu nyingi haziitumii kulengea, kwa hiyo soma mipangilio ya gemu yenyewe kwanza. Pedi ya kawaida ya Xbox haina kabisa, na kwangu hilo ni pengo kubwa.

Mama_Wawili

Naona mnaongelea risasi tu. Mimi nitaongelea mama yake Kijiti_Kushoto, kwa sababu nina mama mkwe wa miaka 71 ninayecheza naye.

Nilipompa pedi ya kawaida, hakuuliza kitufe kipi kinafanya nini. Aliuliza atazame wapi, kwenye TV au kwenye mikono. Sisi tuliozoea tumesahau kwamba vijiti viwili, vitufe vinne vya mbele na vinne vya mabegani ni lugha nzima ya kujifunza. Kamera upande huu, miguu upande ule! Alijaribu kwa adabu, kisha akanirudishia.

Bolingi ya Wii Sports alielewa kwa kunitazama mara moja. Unashika kitufe cha chini, unarudisha mkono nyuma, unauleta mbele, unaachia kitufe mpira unapotoka. Uso wake ulibadilika pale mpira ulipopinda. Alikuwa amegeuza kifundo kidogo wakati wa kuachia, na mpira ukafuata kifundo chake. Akaniambia, "Kumbe ulikuwa ni mimi." Tangu hapo anaujua mkono wake kwenye gemu ile kuliko mimi ninavyoujua wangu. Kwa mtu wa namna hiyo sijali kama usahihi ni wa kukadiria.

Mambo mawili kwa vitendo. Mkanda wa kifundo uvaliwe na kila mtu, hata anayejiona mzoefu. Mikanda ya mwanzo ya Wii ilikuwa inakatika, mpaka mwishoni mwa 2006 Nintendo ikaibadilisha kwa minene zaidi. Na pima nafasi mbele ya TV kabla ya kununua chochote. Kwa mdogo wako wa miaka 10, ongeza Ring Fit Adventure ya 2019, gemu ya mazoezi ya Switch: anakimbia palepale alipo na kukandamiza pete kubwa ya kushika kwa mikono, na baada ya nusu saa ametoa jasho la kweli.

Bega_la_Kulia

Naomba na mimi nisikike. Bega langu la kulia halipandi zaidi ya usawa wa kifua tangu nilipoumia. Gemu ikinitaka nitikise mkono ili mhusika aruke, mimi gemu hiyo imeisha kwangu hapo. Kuna moja ninayoipenda kwa moyo wote, na pigo moja zuri humo linapatikana kwa kutikisa pekee, hakuna kitufe mbadala. Nimeimaliza nikiwa sijawahi kulitumia.

Lakini Shabaha_Moja asidhani niko kambi ya mzee. Jairo ndogo ya kifundo imenisaidia, kwa sababu kidole gumba cha mkono huohuo huchoka haraka kwenye kijiti. Kwangu cha kuuliza ni kama gemu inaruhusu kuzima na kuwasha kila kimoja. Skyward Sword ya 2021 aliyoitaja mzee kama ushahidi wa kushindwa, mimi naiona ndiyo mfano wa kufuata: upanga wa mkono upo kwa anayeutaka, na mimi nimeingia kwa kijiti. Kabla ya kununua gemu, ingia kwenye mipangilio yake au tazama video ya mtu anayeionyesha. Mama akiwa na maumivu ya viungo utanishukuru.

Mzee_wa_Pedi

Bega_la_Kulia, pole sana ndugu yangu, na hoja yako nimeipokea. Sikuwahi kuitazama kwa upande huo.

Infraredi, nakubali nilichanganya. Jana usiku nimewasha jairo kwenye upinde kama alivyoeleza Shabaha_Moja. Kwa kulenga, sina ubishi tena. Kwa kuruka, kupiga ngumi na kuendesha gari bado nashikilia kitufe na kijiti. Ila kuna jambo moja: mshale wangu unajisogeza wenyewe polepole kwenda kulia hata nikiwa sijagusa pedi. Hilo ndilo la kunishawishi?

Infraredi

Hapana mzee, hiyo inarekebishika. Jairo hupima mzunguko, na ikiwa imejiwekea sifuri yake vibaya inaamini inazunguka wakati imetulia. Nenda kwenye mipangilio ya pedi, tafuta kurekebisha vihisi vya mwendo, laza pedi juu ya meza iliyo sawa, usiiguse mpaka imalize. Usifanye hivyo ukiwa umeishika, wala juu ya kochi.

Kijiti kikianza kujisogeza ni habari nyingine. Ndani yake mara nyingi kuna sehemu zinazosuguana na kulika, na kurekebisha kwenye menyu kunasaidia kwa muda tu. Vipo vijiti vinavyotumia sumaku, hivyo havina msuguano huo. Kwa swali la nini kinadumu mwaka mzima, hilo nalo lihesabiwe.

Kijiti_Kushoto

Wakuu, mmenifungua macho. Nimeazima Switch ya rafiki kwa wikendi hii kabla sijatoa pesa. Mdogo wangu ameshaanza kulenga kwa jairo bila kufundishwa, hajui hata kwamba kuna mjadala. Mama leo jioni amecheza bolingi raundi mbili. Ya kwanza mpira ulikuwa unaishia pembeni kila mara, kwa sababu alikuwa anaachia kitufe mkono ukiwa bado nyuma. Raundi ya pili nikamwambia angoje mkono upite goti. Ameangusha vitu vyote kumi, na sasa hivi ninavyoandika ananiuliza kama rafiki yangu anaihitaji kweli Jumatatu.